Riwaya na Nywele za Mama Wagdi

Inshirah ni msusi wa mtaani kwetu Bahari, hapa Aleksandria, na mimi ndiye ninayewaosha wateja wake vichwa. Mwanamke mnene, mcheshi, kicheko chake kinasikika hadi kwa muuza samaki. Alipokuwa msichana alisoma riwaya hata jikoni. Kisha simu ikaja. Kila alipofungua kitabu, mkono uliifuata simu kama ulimi unavyofuata pengo la jino.

Siku moja alikuwa akikoroga mlenda huku anatazama video za watu wanaopamba keki. Simu ikamponyoka, ikazama sufuriani. Fundi akamwambia asubiri vipuri, na vipuri vyenyewe Mungu ndiye ajuaye vitafika lini.

Asubuhi yake akaingia saluni na riwaya kuukuu kwapani, akanigeukia.

"Nifanyeje, Nagat? Mikono inaniwasha."

Mwanzoni ilikuwa mateso. Anasoma mistari miwili, anapapasa mfuko wa aproni, hakuna kitu, anaguna, anarudia palepale. Lakini alikaza roho, na siku aliyokuja Mama Wagdi, mke wa seremala, kitabu kilikuwa kimekwisha kumteka.

Mama Wagdi alitaka rangi ya kahawia, ya heshima. Tukampaka, tukamfunika kichwa, Inshirah akakaa kungoja huku anasoma. Ghafla akaangua kicheko.

"We Inshirah, unanicheka mimi?"

"Wala, mama. Kuna mjane hapa anaposwa na wanaume wawili. Sasa wamekuja siku moja. Huyu wa kwanza kampandisha darini, kamwambia akae na mabata."

"Na mabata! Hebu soma kwa sauti."

Akasoma. Mteja mwingine aliyekuwa kwenye mashine ya kukausha akaizima ili asikie. Mimi nimesimama na taulo, mdomo wazi. Mabata yanapiga kelele, mchumba wa pili anauliza kuna nini huko juu, mjane anaapa kwamba ni paka. Tulicheka hadi machozi.

"Abla!" nikapiga ukelele, maana ndivyo ninavyomwita Inshirah, dada mkubwa. "Rangi!"

Tukakimbilia maji. Nywele zikatoka kwenye taulo. Mama Wagdi akajitazama kiooni, kushoto, kulia.

"Nimeingia hapa mwanamke, natoka karoti!"

"Nisamehe, mama. Keti, naibadilisha sasa hivi."

"Utaibadilisha kesho, jua linakuchwa na sijapika. Ila niambie kwanza: yule wa darini kashuka, hajashuka?"

Mimi na Inshirah tuliicheka karoti hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini usiku yeye hakulala vizuri. Kesho yake Mama Wagdi akaja mapema, kamkokota na wifi yake. Inshirah akaanza kuchanganya rangi.

"Weka chini hilo bakuli, mwanangu."

"Hutaki tena?"

"Jana mzee alikuwa anatazama mpira. Nikapita na chai. Akageuza shingo. Akanitazama mimi, Inshirah, na goli likafungwa nyuma yake! Miaka mingapi sijatazamwa hivyo? Niache na karoti yangu. Wifi naye anataka, na tumekuja kusikiliza."

Tangu hapo rangi ikikaa kichwani, kitabu kinafunguliwa, na kazi ya kutazama saa nimepewa mimi. Simu ilirudi kutoka kwa fundi, nzima kabisa. Wakati wa kusoma hukaa kwenye kapu la vibana nywele pamoja na simu za wateja, na ikilia, wanawake huipigia kelele kama mwizi.

Riwaya ile ilikwisha kwa ugomvi, nusu ya saluni wakidai mjane kakosea kuchagua. Tuko kwenye nyingine sasa. Ijumaa iliyopita Inshirah alizama ndani yake kwenye tramu, akapitiliza kituo chake hadi mwisho wa njia. Nilikutana naye jioni akirudi kwa miguu kando ya bahari, anatafuna hindi la kuchoma.

"Pole, abla," nikamwambia.

"Pole ya nini? Nimeona mawimbi yote, na yule mjomba wa kitabuni kafufuka!"