Mbao Alizozichagua Mama Ghati kwa Nyayo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ubao wa mninga na randa, nikaambiwa niulainishe. Karakana ilikuwa mjini Tarime, nyuma ya soko, nami nilikuwa nimetoka Nyamwaga alfajiri nikiwa na viatu vya kaka yangu. Nilisukuma randa mpaka mabega yakawaka moto, kisha nikasimama pembeni kungoja sifa. Fundi Mkuu, mtu mnene asiyependa maneno, hakuutazama ubao. Alifumba macho, akapitisha kiganja taratibu, akakomea mahali ambapo randa yangu ilikuwa imeruka.

"Mura," akasema, yaani kijana kwa Kikurya, "mteja hanunui jasho lako. Ficha randa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana ile miaka yote niliyokaa pale. Kitanda, kabati, mlango, vyote vilitoka vimepigwa msasa na vanishi mpaka unajiona uso. Alama ya chombo kwenye mbao ilikuwa aibu, na mimi niliamini hivyo kabisa. Nawaambia haya ninyi vijana mnaoanza useremala ili mjue nilivyoshangaa nilipohamia kambi moja ya watalii karibu na Robanda.

Huko nilimkuta Msimamizi wa Ujenzi, mdogo kwangu kwa umri, mtu wa Sirari aliyekuwa amefanya kazi Kenya muda mrefu. Alinieleza kwamba tunatandika sakafu za mbao kwenye mahema makubwa, na kwamba zionekane zimekaa pale tangu enzi za babu zetu. Mbao zenyewe zilikuwa za paini, mpya, bado zinanukia utomvu. Nilimuuliza kama ananitania. Hakuwa anatania. Basi nikaanza kujifunza kuharibu kwa ustadi, na niaminini, ni kazi ngumu kuliko kulainisha.

Ubao wa paini una mistari laini na mistari migumu iliyopishana. Ukiusugua kwa brashi ya waya kufuata nyuzi, sehemu laini inatoka na ile ngumu inabaki imeinuka, kama vile ubao umekanyagwa na kunyeshewa miaka mingi. Ukitaka rangi, unapaka kwanza chai ya rangi iliyokolea. Ikikauka, unapaka siki iliyolowekewa misumari, na ubao unageuka kijivu ukiwa unautazama. Mwisho unapaka mafuta. Vanishi hapana, maana inang'aa na kukuumbua. Miti migumu kama mkongo na mninga haikubali brashi hiyo, kwa hiyo tulipotaka ukale wa miti hiyo tulitumia mbao zilizong'olewa kwenye bodi za malori ya zamani, tukikagua kila moja isiwe na misumari iliyovunjikia ndani wala wadudu.

Mimi nikipewa kazi huwa nazama. Sakafu ya hema la kwanza niliipiga brashi mpaka mistari ikasimama kama matuta ya viazi. Msimamizi alivua viatu, akatembea kidogo, akarudi akikunja uso.

"Aki fundi, hii umezidisha. Mgeni anataka kuona miaka, hataki kuikanyaga."

Nikairudia yote kwa msasa, nikinung'unika.

Baadaye nilipelekwa kambi nyingine, upande wa Natta, chini ya Mbunifu wa Ndani, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye ndiye aliyenifundisha kuchagua. Alisema nyumba haizeeki kila mahali kwa pamoja. Mlangoni panalika kwanza, halafu kando ya kitanda na njia ya jikoni, lakini chini ya kabati panabaki kama papya. Sakafu iliyochakazwa sawasawa kote ni ya uongo, na mgeni atahisi hivyo hata kama hajui kwa nini. Nikienda likizo, akanituma, niangalie kwangu mwenyewe.

Wakati huo nyumba yetu Nyamwaga ilikuwa na sakafu ya udongo na mavi ya ng'ombe, mke wangu akiisiriba kwa mikono yake. Niliangalia nikaiona njia yake: kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, imezama kidogo na kulainika. Nilikuwa nimekaa naye miaka mingi na sikuwahi kuiona. Nilijisikia kumpenda upya, ingawa nilichomwambia ni kwamba chai imechelewa.

Nilipostaafu, watoto wetu walikuwa wamechanga na kutujengea nyumba ya matofali, sakafu yote marumaru nyeupe. Nilijivuna kama kila mtu. Halafu macho ya mke wangu, Mama Ghati, yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Siku moja akateleza ukumbini. Hakuvunjika, lakini tangu hapo aliogopa. Mwanamke aliyelima na kukamua ng'ombe maisha yake yote akawa anakaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi hadi jioni, na akitaka kuinuka ananiambia, "Nishike." Nilimshika kila mara. Neno lile liliniuma, kwa sababu hakuwa mtu wa kuomba.

"Kwenye ile ya udongo nisingepotea," aliniambia siku moja. "Hapa kote ni sawa tu."

Nilikwenda stoo nikatoa mabaki ya mbao zangu. Nilitengeneza vipande vinne nikavitandika uani: kimoja laini, kimoja cha brashi nyepesi, kimoja cha bodi ya lori, na kimoja nilichokisugua kama lile hema la kwanza. Binti yetu Ghati alikuwa amekuja kututembelea. Aliumia, na alisema wazi.

"Baba, watu wanahangaika kupata marumaru, wewe unataka kuyafunika kwa mbao zinazoonekana chakavu?"

Nilimwambia marumaru yao yatabaki chini, salama, juu yake mihimili myembamba, kisha mbao. Hakuridhika. Mama yake akasema aachwe akanyage.

Nikamvua ndala, nikamwongoza. Ubao wa kwanza akasema ni marumaru tu. Wa pili akaupita tu. Kwenye ule wa lori aligusa matundu ya misumari kwa vidole vya miguu, akauliza mbuzi wa nani walicheza hapa. Kwenye wa nne alisimama. Akasogeza mguu kufuata nyuzi, kisha akaukatisha, kisha akaufuatisha tena.

"Hii inaniambia naenda wapi," akasema.

Ni ileile aliyoikataa Msimamizi. Nilielekeza nyuzi kutoka chumbani hadi mlango wa nje, nikazigeuza kuelekea jikoni. Kwenye njia nilisugua kwa kina, pembeni nikasugua kidogo. Kila ubao niliupitisha kiganja nikiwa nimefumba macho, kutafuta vibanzi, kama alivyofanya yule mzee wa karakana. Siku hizi mtu akiniuliza namna ya kuchagua sakafu ya sura ya kale, namwambia avue viatu kwanza.

Mafuta yalipokauka, Ghati alirudi kuona. Nilimshika mkono mke wangu mlangoni pa chumba kama tulivyozoea, tukaanza. Katikati ya ukumbi akasimama. Nilidhani hofu imemrudia, nikamshika zaidi.

"Baba Ghati," akasema, "niachie."

Nikamwachia. Alikwenda taratibu, nyayo zikitafuta na kupata, akafika zilipogeuka nyuzi, naye akageuka. Ghati alijifuta macho kwa kanga. Mimi nilibaki nimesimama palepale, mkono bado nimeunyoosha, nikimsikia jikoni anapekua masufuria na kuuliza kwa ukali ni nani aliyehamisha chumvi yake.