Goti la Mwalimu

Mimi ni mpiga ngoma, na mpiga ngoma huona miguu kabla ya nyuso. Nakaa kwenye kona ya ukumbi juu ya kigoda, ngoma katikati ya mapaja, na mbele yangu ni visigino tu jioni nzima. Kwa hiyo habari za goti la shemeji nilizijua kabla ya mtu yeyote, na nilichoka nazo kabla ya mtu yeyote.

Shemeji ni mke wa kaka yangu. Watu wote humwita Mwalimu, hata kaka akiwa amekasirika. Anafundisha watoto kucheza katika ukumbi ulio juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Sakafu ni saruji iliyofunikwa zulia la plastiki, na saruji haina huruma na goti la mtu. Kioo hatuna. Wenzetu wenye uwezo wana ukuta mzima wa vioo. Sisi kioo chetu ni yeye. Anawapa watoto mgongo, anacheza, nao wanaiga.

Kwa maneno hakuna anayemshinda. "Pasheni miili moto kwanza! Misuli baridi huchanika!" "Tueni kwa vidole, kisha kisigino, magoti yakunjwe!" "Anayesikia maumivu asimame aseme. Kuficha maumivu si ushujaa!" Mtoto akija bila kunywa maji, hufokewa mpaka mafundi wa chini wasikie. Lakini mganga hajigangi. Yeye mwenyewe huingia mbio kutoka jikoni, hajanyoosha hata kidole, na papo hapo anaruka. Chini ya suruali yake pana, goti la kushoto limefungwa bandeji, na anayetumwa dukani kuinunua ni mimi.

Siku moja tukifagia ukumbi nilimwambia, "Shemeji, nenda hospitali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu mwenyewe ndiye wewe? Nilipoolewa kwenu ulikuwa bado unafungwa kamba za viatu."

"Basi nenda kwa ajili ya kaka."

Aliegemea ufagio. "Niende nikaambiwe nikae? Mwalimu wa kucheza asiyecheza, nani atamletea mtoto? Acha Chiriku amalize shule, asimame mbele. Hapo nitakaa mpaka mnichoke."

Chiriku ni binti yake, na jina hilo tulimpa kwa sababu mdomo wake haulali. Amecheza nyuma ya mama yake tangu alipoanza kutembea. Maji hufuata mkondo, tulikuwa tukisema, na shemeji alikuwa akilibembeleza goti lile limfikishe tu kwenye siku hiyo. Sikubishana tena. Penye kuruka nilichelewesha pigo kidogo ili apate nafasi ya kutua kwa mguu wa kulia.

Kisha Chiriku akaanza kulalamikia kiuno. Kwanza alikilalamikia huku akicheka, baadaye akawa hawezi kuinama kufua. Shemeji, yule yule aliyekuwa hataki kusikia neno hospitali, alimkokota asubuhi iliyofuata, nami nikawasindikiza kwa kuwa kaka alikuwa kazini.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mama wa makamo, viganja vipana, sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyezungumza tangu alfajiri. Alimbonyeza Chiriku nyonga, magoti, mgongo. Akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, kisha aruke.

"Goti la kushoto liliwahi kuumia?"

"Halijawahi," alisema Chiriku.

"Mbona unaliepuka? Goti ni zima kabisa, ila unatembea kama mwenye goti bovu. Uzito wote unautupa kulia, na kiuno ndicho kinachoumia."

"Mimi? Mimi natembea kawaida!"

Mtaalamu alimgeukia shemeji. "Mama, hebu nisogezee kile kiti."

Shemeji akaenda kukichukua. Mtaalamu alimtazama akienda, akamtazama akirudi, kisha akasema taratibu, "Kaa wewe, mama. Pandisha suruali."

Bandeji ilipofunguliwa, goti lilikuwa limevimba hata mfupa wake hauonekani. Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakikutoka kitu. Shemeji alikuwa akitazama sakafu. Nilimwonea huruma mpaka nikatoka nje.

Jioni hiyo aliingia ukumbini amebeba kiti. Hakuwapa watoto mgongo. Alikaa akiwakabili, akaniashiria. Nikapiga. Wakaruka.

Walitua wote kwa mguu wa kulia. Warefu kwa wafupi, wakongwe kwa yule aliyejiunga juzi, mguu wa kushoto ukifuata nyuma kwa woga. Miguu ile nilikuwa nikiiona kila siku, na nilidhani ndiyo staili ya ukumbi wetu. Shemeji aliinua mkono, nikanyamazisha ngoma.

"Nani anaumwa goti?"

Hakuna.

"Mbona mnatua hivyo?"

Walitazamana. Mdogo wao alijibu kwa fahari, "Si ndivyo unavyotua wewe, Mwalimu?"

Shemeji alipandisha suruali akaifungua bandeji mbele yao, polepole, mpaka mwisho.

"Linauma?" aliuliza yule mdogo.

"Linauma, mwanangu. Linauma sana." Aliiweka bandeji pembeni. "Hiki si cha kuiga."

Akamwita Chiriku mbele, atue kwa miguu yote miwili, wenzake waone. Nikapiga. Akatua kwa wa kulia. Nikarudia, akatua kwa wa kulia. Alijua anachotakiwa kufanya, alikisema hata kwa mdomo, lakini mwili haukumsikia. Mara ya tatu machozi yalimtoka, na macho yake yakamkimbilia mama yake kwenye kiti, kama yalivyozoea.

"Tena," alisema shemeji. "Taratibu. Na usinitazame mimi."