Kaka Anafanyiwa Mazoezi

Kaka yangu ni fundi rangi. Nasema "ni" kwa heshima tu, maana brashi zake zimekauka kwenye kopo tangu mgongo ulipomshika, na siku hizi kazi yake ni kuumwa. Kazi hiyo anaifanya kwa bidii ambayo rangi haikuwahi kuipata. Anaianza akifumbua jicho, anaifunga akisinzia, na wageni wakija anaongeza muda wa ziada.

Sisemi anadanganya. Mgongo unamuuma kweli. Nimemwona akikunja uso hata anapodhani hakuna anayemtazama. Ninachodharau ni makao makuu aliyojijengea sebuleni: sofa la watu watatu analikalia peke yake, mito nyuma, mito ubavuni, rimoti mkononi, na sauti. Sauti ile haina ugonjwa wowote. "Mama watoto! Maji." "Mama watoto! Funga dirisha, baridi inaniingia kwenye uti." Na wifi yangu huyo, mbio. Kila asubuhi anapitisha mikono kwapani mwa mumewe, anavuta pumzi, anamnyanyua kama gunia, anampeleka msalani, anamrudisha. Wifi ni mwembamba. Kaka ana kitambi kinachostahili kiti chake chenyewe.

Majirani ndio waliommaliza. Kila aliyekuja alikaa, akatikisa kichwa, akasema, "Usijisumbue, Fundi. Mgongo si mchezo. Wewe pumzika tu." Watu wasioweza kutibu hata chunusi zao waligeuka madaktari bingwa sebuleni kwa kaka, na kaka akawaamini wote.

Mwishowe nikamburuta hospitali. Vipimo havikuonyesha kilichovunjika wala kilichooza. Wakamkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mnene, mpole, asiye na haraka. "Maumivu yako ni ya kweli, Fundi," akamwambia, "na huenda yasiishe yote. Lakini kuumwa si kuharibika. Anza kidogo kidogo, hata siku unayoumwa. Ukiendelea kukaa hivi, miguu itaisha nguvu, na iko siku utashindwa kabisa kusimama." Akamwelekeza: kulala chali na kuinua kiuno, kupiga magoti na kunyoosha mkono na mguu, kukaa na kusimama bila kushika kitu. Kaka aliitikia kila neno kama mwanafunzi bora wa darasa. Kufika nyumbani, hakufanya hata moja.

Alimfundisha mke wake. Eti anataka kwanza aone yanavyokaa kwenye mwili wa mtu mwenye afya. Basi kila jioni wifi anatandika mkeka katikati ya sebule, na kaka anasimamia kutoka kwenye sofa. "Inua kiuno. Zaidi. Usibane pumzi. Goti hilo limekaa upande." Wifi akimaliza, kaka ndiye anayejifuta jasho. "Leo tumefanya kazi," anasema, na anaagiza chai.

Nilimsema mpaka koo likanikauka. Nilimwita mvivu, nilimwita gogo, nilimwambia hata sofa limemchoka. Akageukia ukutani. Maneno yangu yote hayakumsogeza hata hatua moja, na wifi akanikata jicho: "Wifi, mwache. Mimi nimelalamika?" Huyo naye nikamweka kwenye fungu la wajinga.

Siku ya kurudi kwa mtaalamu ikafika. Wifi alimkalisha mumewe kwenye benchi, akamwekea na kanga mgongoni.

"Mazoezi yanaendaje, Fundi?"

"Vizuri sana," kaka akajibu bila kupepesa. Akayataja yote kwa mpangilio, pamoja na makosa ya kuepuka. Mtaalamu akafurahi.

"Hebu nionyeshe."

Kaka akamgeukia mkewe. "Mama watoto, mwonyeshe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wifi wa watu akalala kwenye godoro la mazoezi mbele ya mwenye ujuzi wake, akainua kiuno, akashusha, akainua tena. Alipofika kwenye kupiga magoti akasita, akauma mdomo, akaendelea. Mimi nilikuwa nauma shavu nisicheke. Mtaalamu hakucheka. Alichuchumaa karibu yake.

"Mama, wewe unaumwa wapi?"

"Mgongo," wifi akasema, kama mtu aliyeulizwa saa. "Tangu nianze kumnyanyua. Ila haya mazoezi yananisaidia. Kabla ya hapo nilikuwa siwezi hata kuinama kufua."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mgonjwa si yeye?"

 

"Usimnyanyue tena," mtaalamu akamwambia wifi. "Kuanzia sasa hivi." Kisha akanitazama mimi. Nilikunja mikono kifuani. Sikuwa na mpango wowote wa kumnyanyua.

Kaka akabaki kwenye benchi lake. "Naogopa," akasema taratibu. "Nikijiinua mwenyewe nahisi kitu kitakatika humu ndani." Katika kelele zote zile za sebuleni, neno hilo hakuwahi kulisema.

"Mimi pia nahisi hivyo," wifi akamjibu, bado amepiga magoti. "Kila asubuhi nikikushika."

Kaka akaweka viganja mapajani. Akainuka nusu, akarudi chini kwa kishindo. "Hilo nalo ni zoezi," mtaalamu akasema. "Pumua, kisha urudie." Akarudia. Uso ulikunjamana, lakini safari hii akasimama wima.

"Inauma," akasema.

"Najua," wifi akajibu.

Akapiga hatua moja, akaongeza nyingine mpaka kwenye godoro, akamnyooshea mkewe mkono ili amwinue.

"Toa mkono wako," wifi akamwambia, "utaniangukia." Akainuka mwenyewe, akachukua kanga yake kwenye benchi, akatangulia mlangoni, na kaka akamfuata kwa miguu yake.