Senene Aliopelekewa Koku

Desemba ya mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa nilimzika mume wangu, Ta Laurenti, askari wa wanyamapori katika hifadhi ya kisiwani, upande wa Muleba. Matangani mwenzake wa kazi alisema, "Koku atateseka. Marehemu alikuwa akimlisha senene kwa mkono wake."

Moyo uliniwaka, maana Koku kwetu ni jina la mwanamke. Kwetu Uhaya mke humkamatia mumewe senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua, naye mume humshukuru kwa kanga mpya. Miaka mitatu mfululizo nilimjazia kikapu cha kwenda nacho kazini. Kanga sikuiona. Kumbe mlaji alikuwa Koku!

Baada ya tanga, kijiji kilipata mashua ya kwenda kutazama viboko na ndege. Nikapanda na nguo zangu nyeusi, nimebeba senene waliobaki nimtupie Koku usoni. Wenzangu walishangilia ndege wa kila rangi. Mimi nilitafuta mwanamke.

Kambini nikamfokea yule askari mwenzake marehemu mbele ya wote, "Mlete huyo malaya wenu Koku!"

"Yuko nyuma yako, Ma Yustina," akajibu taratibu.

Nikageuka. Alikuwa korongo mwenye taji, bawa moja limevunjika.

"Ta Laurenti alimtoa kwenye mtego," akasema askari.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. "Msalimie mke mwenzio!" jirani yangu akapaza sauti.

Nasema kweli, wivu haukuniisha. Ndege yule alikuwa naye siku zake za mwisho, mimi sikuwapo.

Nikafungua kifurushi. Koku akanyoosha shingo, akala kiganjani mwangu.