Kabureta ya Mwisho ya Fundi Khalfani

Mimi Shamsa nauza spea zilizotumika hapa mtaa wa Gerezani, mkabala na uwanja ambapo Fundi Khalfani ametengeneza magari kwa miaka thelathini na minne. Nimemjua tangu hajaota mvi, na nisingependa mtu mwingine asimulie habari zake, maana watu wa mtaa huu wana maneno mengi na kumbukumbu fupi.

Zamani magari yalipanga foleni kumsubiri yeye tu. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akaugandamiza sikioni, akafumba macho, kisha akazungusha skrubu ya kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, robo mzunguko, basi. Gari linatulia. Mtu akimuuliza amejuaje, anajibu kwamba limemwambia lenyewe. Maringo alikuwa nayo, siwezi kumpamba.

Miaka miwili iliyopita magari yakaanza kutoka kwake yakifuka moshi mweusi na kurudi kesho yake. Wateja wakasema amezeeka. Wengine wakasema anachomoa spea nzima na kuweka mbovu. Yeye akanyamaza, na mimi nikakasirika kwa niaba yake, hadi siku nilipomtajia bei ya spea kwa kumchokoza, mara tatu ya bei halali, akaitikia kwa kichwa na kutoa hela. Khalfani huyu huyu aliyekuwa akibishania hata bei ya maji ya kunywa. Alipogeuka kuondoka nikamwita, nikamwita tena, nikampigia makofi. Hakugeuka.

Nilimfuata, nikamuuliza nikiwa usoni pake, neno moja moja. Kwanza alifoka. Kisha akakaa juu ya tairi na kulia. Hospitali walishamwambia kwamba masikio yamekufa, nyundo na injini zimeyamaliza, na usikivu mdogo uliobaki ni wa muda tu.

"Waache waniite mwizi, Shamsa," alisema. "Mwizi bado ni fundi. Nikishakuwa kiziwi nitakuwa nani hapa?"

Wakati huo alikuwa amebakiwa na gari moja tu, Pijo 504 ya Mzee Elisaria, muuza vitenge wa jumla pale Kariakoo, ambaye kila Desemba huliendesha mwenyewe hadi Rombo kula Krismasi kwao. Mwaka uliotangulia lilimzimikia njiani, pale Same, akalala kando ya barabara na wajukuu. Mzee hakugomba. Alisema kwa upole, mbele yangu, kwamba likizima tena safari hii atalipeleka kwa mtu mwingine. Upole ule ulimuumiza Khalfani kuliko matusi.

Ndipo akaamua kuing'oa kabureta na kufunga nozeli za kupulizia petroli, zinazoongozwa na kompyuta, kama magari ya siku hizi. Kompyuta inapima hewa na joto yenyewe na kutoa petroli inayotosha. Haimtaki mtu wa kusikiliza. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya maishani, na hakuthubutu kumuuliza fundi yeyote, asije akaulizwa sababu.

Alihangaika miezi miwili. Nozeli nne, kompyuta na fungu zima la waya alivitoa kwenye Toyota iliyopinduka. Kwangu alichukua pampu ya umeme na raba mpya za kukalia injini. Zile waya alizitandaza juu ya maboksi, akazifunga nyuzi za rangi alizookota kwa mafundi cherehani ili asizichanganye. Aliifunga mitambo ile akaifungua, akakonda. Siku moja mpira wa petroli ulifyatuka ukawa unafoka juu ya injini ya moto, naye ameinama ndani ya gari akifunga waya, pua imezoea petroli na mlio hausikii. Mimi ndiye niliyesikia harufu dukani kwangu, nikakimbia kumvuta. Nilimtukana hadi nikaishiwa maneno. Aliitazama midomo yangu, kisha akarudi kazini. Nilimwogopa siku ile, nikamwonea na huruma.

Tarehe kumi na nane Desemba, baada ya swala ya adhuhuri, Mzee Elisaria alikuja kuchukua gari lake. Mafundi wa uwanja mzima wakasogea, wengine kwa nia ya kucheka. Khalfani akaketi kwenye usukani, akasoma bismillahi, akazungusha ufunguo.

Injini ikawaka papo hapo. Iliwaka kwa ulaini ambao sijawahi kuusikia kwenye Pijo, watu wakaguna kwa kustaajabu. Yeye hakusikia. Zamani kabureta ilikuwa ikitikisa gari zima hadi kiti, ndivyo alivyojua limewaka. Sasa raba nilizomuuzia, alizozifunga asubuhi ile, zilimeza mtikisiko wote, na taa za dashibodi zilikufa zamani. Akaachia ufunguo, akauzungusha tena. Stata ikapiga yowe kwenye injini ambayo tayari inazunguka, chuma juu ya chuma, hadi wapita njia wakasimama. Akaachia. Akazungusha tena.

"Inakataa," alisema kwa sauti kubwa mno, jasho likimtiririka. "Nivumilie kidogo, Mzee wangu, inakataa."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wameelewa, na mimi nilitamani wangecheka. Mzee Elisaria akaingiza mkono dirishani, akamshika taratibu ule mkono wa ufunguo. Nikamgeuza Khalfani uso.

"Imewaka," nikamwambia. "Imewaka tangu mara ya kwanza."

Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akainua macho na kuwatazama wenzake mmoja baada ya mwingine.

Gari lilipanda hadi Rombo na kurudi bila kukohoa. Mzee Elisaria analisifia kila anakokwenda. Lakini halijarudi kwa Khalfani, kwa kuwa halina cha kurekebishwa, na hakuna mwingine anayemletea lake. Siku hizi anakaa barazani kwangu, ananisafishia spea. Kila Ijumaa Pijo hupita hapa. Bajaji na mikokoteni ya nyuma havimruhusu Mzee kusimama, kwa hiyo hupunguza mwendo na kupiga honi kumsalimu fundi wake. Mimi humgusa bega. Naye huinua mkono kuitikia, mara nyingi gari likiwa limeshapita.