Kisanduku Uani kwa Mwanvita

Mwanvita Mwinshehe alizaliwa Matombo, akaolewa Kihonda, akafiwa na mume hukohuko, na kwa miaka kumi na minane amefundisha watoto wadogo kusoma barazani pake. Sasa wapo thelathini na mmoja. Siku ya mkutano wa mtaa, hatima ya darasa hilo ilikuwa mezani.

Kampuni moja ya ndege ndogo ilitaka kujenga kiwanja cha kujaribia injini mita mia mbili kutoka barazani hapo. Mwezi uliotangulia ilileta ndege mbili, zikanguruma zikiwa ardhini kila asubuhi kwa wiki nzima. Mtaalamu wake, Geofrey, aliacha kisanduku cha kupimia sauti uani kwa Mwanvita, ili akadirie kelele zitakazowafikia wakazi.

"Desibeli arobaini na mbili," Geofrey alisoma. "Ni kama mazungumzo ya upole. Hakuna atakayeathirika."

"Upole gani?" alifoka Abasi, fundi baiskeli. "Wiki ile mke wangu alinituma chumvi, nikamletea sabuni!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti Castory hakucheka. "Wewe umeleta masikio, Abasi, mwenzako kaleta vipimo. Kama hakuna hoja nyingine, napiga muhuri wa kibali."

Mwanvita aliutazama muhuri. Kwao Matombo, mtu haachi mali ya mgeni ilale nje. Wiki ile, kila magharibi alikiingiza kisanduku chumbani, akakiweka uvunguni mwa kitanda na kukifunika kwa kanga mbili. Alikirudisha uani saa tatu asubuhi, akishamaliza kufagia. Injini zilinguruma kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili. Akisema, ataitwa mharibifu. Akinyamaza, darasa limekwisha.

Alisimama. "Mwenyekiti, usipige. Kisanduku kilikuwa ndani."

"Ndani ya wapi?" Geofrey aliuliza.

"Chumbani kwangu, mwanangu, kimefunikwa kanga. Nilikuhifadhia."

Winfrida, mwakilishi wa kampuni, aliruka kutoka kitini. "Mama huyu ametuhujumu! Aandikwe kwenye muhtasari!"

"Niandikwe," alijibu Mwanvita. "Na iandikwe pia kwamba kwa siku saba hamkuja hata mara moja kukitazama, wala hamkuniuliza. Mmetabiri maisha ya watoto thelathini na mmoja kwa kusikiliza uvungu wa kitanda changu!"

Geofrey alifungua kompyuta. Mstari wa sauti ulishuka ghafla kila magharibi, ukapanda kila saa tatu asubuhi.

"Niliuona," alisema taratibu. "Nikadhani ni utulivu wa mtaa."

"Geofrey, nyamaza," Winfrida alimkatiza.

Hakunyamaza. "Nisamehe, mama. Nilipaswa kuuliza. Mwenyekiti, ripoti hii siwezi kuitetea."

Castory aliusukuma muhuri pembeni. "Wapime upya, na wakazi wasimamie. Kabla ya hapo hakijengwi kitu."

Katibu aliinama, akaanza kuandika kosa la Mwanvita tu. Mwanvita akaenda mezani, akamsimamia begani mpaka kosa la kampuni nalo lilipoandikwa, neno kwa neno. Ndipo akaomba kalamu, akatia sahihi.