Siku ya Kupimwa

Nilipokuwa mtoto pale Kawangware, mimi na mdogo wangu Rispa tulikuwa wagonjwa siku moja tu kwa mwaka: siku wauguzi walipokuja shuleni kupima watoto. Ugonjwa wenyewe, wa kusingizia ili tubaki nyumbani, tulipewa na Kukhu, mama wa baba, aliyetulea. Baba alikuwa seremala wa majeneza. Kukhu alikuwa amemwona akipima watu wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyeamka.

"Mtu hupimwa mara moja," alituonya. "Ukipimwa ukiwa hai, unajiitia."

Nilipokuwa darasa la tano, wauguzi walikuja bila kutangazwa. Rispa alipanda mizani akicheka, akasimamishwa ukutani akapimwa urefu. Kisha muuguzi akamsikiliza kifua, akarudia tena. Jioni mwalimu akanipa barua.

"Mpe baba yako mkononi. Moyo wa huyu mtoto si mzima. Apelekwe hospitali wiki hii, umesikia?"

Nilisikia. Lakini mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyepaswa kumtorosha wauguzi walipotokea, na kiboko cha Kukhu nilikijua vizuri kuliko moyo wa mtu.

Kukhu, asiyejua kusoma, aliiona barua. "Hiyo inasema nini?"

"Tupeleke ufagio shuleni, Kukhu."

Kesho yake akanipa ufagio. Barua niliitupa chooni. Mwalimu aliponiuliza kama baba ameipata, nikasema ndiyo.

Rispa akaanza kuchoka. Akitumwa dukani Riruta alikuwa akiketi njiani mara tatu, kisha miguu ikavimba. Kukhu alimchemshia dawa za miti. Baba alipombeba hadi hospitali, maji yalikuwa yamezidi unga.

Matangani, rafiki mmoja wa Rispa akaropoka kwamba walipimwa. Kukhu akapiga yowe: "Niliwaambia! Walimpima mtoto wangu!" Waombolezaji wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Baba alikuwa uani akiranda mbao.

Kukhu alikufa akiheshimiwa kwa onyo lile. Nina hasira naye kwa kunijaza woga, ingawa najua ninatafuta tu mtu wa kunisaidia kubeba mzigo wangu. Katika ukoo wetu, siku ya kupimwa ikifika, hadi leo kuna mtoto anayeachwa nyumbani, na lazima mtu ataje jina la Rispa. Mwaka jana alikuwa mtoto wa binamu yangu. Nilikuwa nimeketi palepale, kikombe cha chai mkononi, na sikusema kitu.